Kahawa ya Kupokelea Simu

Jumanne ya tarehe kumi na moja Juni, mwaka 2019, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Kilian Kinunda. Hakufa mtu wala hakuungua nyumba. Simu iliita, naye akashindwa kuipokea.

Alikuwa peke yake uani, anazungusha mashine ya kumenyea kahawa. Mke wake, Ottilia, alikuwa bondeni anachuma. Simu ilikuwa juu ya kigoda, ndani ya mfuko wa nailoni ambao wakubwa wa serikali walikuwa wameupiga marufuku tangu mwanzo wa mwezi, lakini mkubwa gani angepanda mlima ule kuutafuta? Ilipoita, Kilian alijifuta mikono kwenye suruali, akaitoa, akaiona sura ya binti yake Gaudiosa inacheka kwenye kioo. Chini ya sura palikuwa na duara la kijani. Vitalis, mkwe wake, alikuwa amemwelekeza vizuri: baba, unaweka kidole hapa kwenye kijani, unakivuta kwenda juu, basi. Kilian akaweka kidole kwenye kijani, akakivuta kwenda juu. Gaudiosa akaendelea kucheka na simu ikaendelea kuita. Akajaribu kidole cha kati. Akajaribu gumba. Akabonyeza kwa nguvu kama mtu anayeua kupe. Simu ikanyamaza yenyewe.

Vidole vile havikuwa vya kulaumiwa. Mlima wote wa nyuma ya nyumba, mashimo ya kulimia yaitwayo ngoro, yaliyopangana kama sega la nyuki, ni wao wawili waliyachimba, yeye na Ottilia, mwaka baada ya mwaka. Ngozi ilikuwa imekauka na kuwa kama kwato, imepasuka, na msimu wa kahawa ukifika utomvu unaipaka rangi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Simu yao ya zamani, kitochi cha vitufe, ilivijua vidole hivyo. Ukibonyeza kitufe, kinatii. Lakini kitochi kilizama kwenye karo la kuoshea kahawa mwezi Mei, na Vitalis, aliyekuwa amevua usipa wengi, dagaa wa ziwani, mwezi huo, akawaletea hii simu ya kupangusa ili waje waione sura ya mjukuu atakayezaliwa. Wakubwa walisema zamani kwamba soko likiwa huria, kila kitu kitatufikia. Kimefika kweli. Hawakusema kama kikifika kitatujua.

Simu ikaita tena. Safari hii Kilian hakuigusa. Aliibeba mbio kama mtu aliyebeba kaa la moto, akateremka mpaka kwa Mansuetus, fundi cherehani, mtu mwenye vidole laini kama vya mwari.

"Mansuetus! Njoo unishikie simu!"

"Kuishika si unaishika mwenyewe, mzee Kilian? Sema nikupokelee."

"Pokea basi, usinifundishe Kiswahili!"

Mansuetus hakuinuka hata kwenye cherehani. Alinyoosha kidole kimoja, akakipitisha kwenye kioo polepole, kwa madaha, kama anayempapasa paka. Sauti ya Gaudiosa ikajaa kibanda chote.

"Baba, mlikuwa wapi? Nimepiga, nimepiga!"

Alikuwa ametokwa damu tangu alfajiri. Vitalis alimpeleka zahanati kwa pikipiki, damu imekata, lakini nesi amesema wiki ijayo wasiendelee kukaa kwao Lundo, kando ya ziwa, wahamie Mbamba Bay wawe karibu na daktari. Mtoto hayuko mbali.

"Mwambie mama asikae mbali na simu," Gaudiosa alisema. "Vitalis atampigia mwenyewe. Baba, safari hii mama awepo."

Kilian alijibu kwamba mama atakuwepo. Mtoto wa kwanza wa Gaudiosa alizikwa mwaka juzi kwenye mchanga wa Lundo, na Ottilia alifika kaburi limekwisha kusawazishwa, kwa sababu ujumbe ulilala kwenye kitochi kisichokuwa na chaji. Na hawezi kwenda tu akaketi kule kusubiri. Mama mkwe anayejiheshimu haendi kulala kwa mkwewe bila mkwe mwenyewe kumwita. Vitalis ataita, na simu ndiyo mlango wa kuitia.

"Mzee," Mansuetus alisema akirudisha simu, "mlango umeletewa, komeo hulijui."

*

Jioni Ottilia alipotua kapu na kusikia habari, hakukaa.

"Mwanao anatokwa damu, wewe unapapasa kioo."

"Nilivuta, mama Gaudi. Nilivuta kama alivyosema Vitalis."

"Ulivuta nini? Ng'ombe?"

"Vuta wewe basi tuone!"

Walimtuma mtu kwa Mansuetus abipu. Simu ilipoita, Ottilia alikaza kidole, akavuta. Akavuta tena. Vidole vyake vilikuwa ndugu wa vya mumewe, mlima uliwazaa pamoja. Kilian alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Haituoni," Ottilia alisema taratibu. "Baba Gaudi, hii simu haituoni."

Akaisogeza usoni aitazame vizuri, na pua yake ikagusa kioo. Sauti ya Mansuetus ikatoka: "Haloo! Haloo, nani huyo anapumua?"

Wakatazamana. Halafu Ottilia akacheka mpaka akashika ukuta, na Kilian akacheka mpaka kikohozi chake cha zamani kikaamka. Mwanamume mwenye mke wa kucheka naye jikoni, hata akiwa hana kingine, ana nyumba. Asiyejua hilo amwulize aliyebaki na jiko peke yake.

"Pua ya mke wangu imepokea simu!" Kilian alisema akijifuta macho. "Kumbe nililipa mahari ya haki."

"Hukumaliza kuilipa," Ottilia alijibu. "Leta hilo boksi lake. Pengine wameandika namna."

Boksi lilikuwa mvunguni. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, ya lugha isiyojulikana, na nafasi ndefu iliyokuwa tupu.

"Hapa palikuwa na nini?" Ottilia aliuliza.

"Si ile kalamu yao? Ile niliyojaribu kuandikia, haina hata tone la wino. Ndiyo biashara huria hiyo, mama Gaudi. Mtu anakuuzia kalamu tupu huku anakutazama usoni. Nimeitia kwenye pete za mlango wa zizi iwe pini. Mbuzi hawatoki siku hizi. Walau inafanya kazi."

Basi ikabaki pua. Lakini pua nayo ina mambo yake. Kidole kinatazama kinakokwenda, pua haitazami. Mara inapokea, mara inateleza mpaka kwenye duara jekundu na kukata. Halafu siku ya Alhamisi simu iliita kisimani, mbele ya wanawake. Alikuwa Gaudiosa, anataka tu kusalimu. Ottilia akainama, akapokea, akaongea na mwanawe kwa furaha. Alipomaliza, akamkuta Katarina, mke wa katekista, amesimama na ndoo kichwani.

"Ottilia," Katarina alisema, "siku hizi unaisujudia simu?"

Wasichana walicheka mpaka wakamwaga maji. Ottilia naye alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaka mambo yaishe. Nyumbani akamwambia mumewe: "Nenda Mbinga kanunue kile kijiti. Nimekiona kwa yule dada wa benki, anagusia simu asiharibu kucha. Mimi siinami tena mbele za watu."

*

Duka la Halima liko karibu na stendi ya Mbinga. Baba yake alitoka Kilwa na mzigo wa chumvi begani, na Halima amerithi ulimi wa baba na subira ya mama. Alimwamkia Kilian shikamoo, akamkalisha kwenye benchi, akamwomba mkono. Akaugeuza kiganja juu kama mpiga ramli.

"Mzee wangu, simu haina makosa na wewe huna makosa. Hii simu inasikia ngozi yenye unyevu. Hapa ngozi iko wapi? Hili ni gome."

"Kwa hiyo mimi mti?"

"Wewe mkulima. Kijiti ndicho kitakufaa. Mbele kina mpira, unakishika, unagusa, kazi imekwisha. Ila vimeniishia. Vijana wamevinunua wakachezee magemu. Mzigo mwingine labda mwisho wa mwezi."

Kijana mmoja aliyeletewa soda, kucha zake nyeupe kama punje za mchele, akaingilia kati bila kuulizwa. "Da Halima, usimpotoshe mzee. Kijiti ni takataka ile. Mungu kampa kumi, vya nini kumi na moja? Kinapotea siku ya pili. Mimi sijawahi kukihitaji."

"Wewe utakihitaji wapi?" Halima alimjibu. "Mkono wako haujawahi kushika hata mwiko."

Watu wakacheka, lakini Kilian alikuwa ameumia upande usiotarajiwa. Kijiti ni cha kilema, aliwaza. Kipofu ana fimbo, kiwete ana gongo, na yeye, aliyechimba mlima, apewe kijiti cha kugusia kioo? Akavuta mkono wake, akausukuma mfukoni.

"Kijana amesema kweli," alisema akiinuka. "Kumi vinanitosha."

Halima alimfuata mpaka mlangoni. "Mzee, paka mafuta ya mgando usiku, vaa soksi mikononi. Pengine ngozi italainika."

Kilian alipaka. Alilala na soksi mikononi, Ottilia akamwita Baba Mtakatifu mwenye glovu. Asubuhi kidole cha shahada kilipokea simu ya Mansuetus mara moja. Mchana, baada ya kuzungusha mashine na kubeba magunia, hakikupokea tena. Mafuta yanatibu mkono uliopumzika, na mkono wake ulipumzika usiku tu.

*

Kahawa yenyewe ndiyo iliyomwonea huruma. Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuwa anachambua mbivu na mbichi kwenye jamvi, simu ikaita. Akaishika kwa pupa na tunda moja jekundu limebaki katikati ya vidole, limepasuka kidogo, linatoa maji yake matamu. Tunda likagusa kijani, likateleza juu, na Mansuetus akasema haloo.

Kilian alikata, kwa tunda lile lile, akakaa akilitazama.

"Mama Gaudi!" aliita. "Mama Gaudi, acha ugali uungue, njoo!"

Walijaribu mpaka chaji ikapungua. Tunda bivu lilikubali kila mara. Bichi lilikataa. Lililokauka lilikataa. Bivu la siku hiyo, limenyofolewa ngozi kidogo, lilikuwa kidole bora kuliko vya Mansuetus. Ottilia alipanguza kioo kwa upindo wa kanga, akajaribu mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Ajabu. Sisi haituoni, kahawa yetu inaiona."

"Kwani lini walituona sisi?" Kilian alisema. "Daima wanaona kahawa."

"Na msimu ukiisha? Septemba utapokelea nini, baba Gaudi? Mahindi?"

"Septemba mtoto atakuwa amezaliwa. Mungu akifungua mlango, usimwulize bawaba."

Kuanzia siku hiyo hakutoka bila matunda mfukoni. Alikuwa anayanyofoa asubuhi mtini na kuyafunga kwenye jani la mgomba yasikauke. Yakimchafulia shati, Ottilia alimgombeza na kufua. Alijiona tajiri: kijiti cha Halima kinauzwa, chake kinaota.

*

Jumapili ya Ekaristi walishuka wote wawili parokiani Mapera. Kilian alivaa koti alilooa nalo, Ottilia alivaa kitenge kipya. Maandamano yalikuwa mazuri, watoto walirusha maua, na simu haikuita, wakamshukuru Mungu kwa hilo pia. Walipokuwa wanarudi na kundi la wenzao, njia panda wakakuta mwanzi umelazwa kukatisha barabara. Pembeni palikuwa na gari la kazi, meza ndogo, na bwana mkaguzi Augustino, aliyeletwa kutoka mjini msimu huo kuzuia magoma.

Magoma ni kahawa inayouzwa kwa mlanguzi kwa siri, nje ya chama cha ushirika. Miaka ya nyuma wakubwa walitangaza: uzeni kwa mumtakaye, biashara ni huria. Baadaye wakatangaza: atakayemuuzia amtakaye atafungwa. Mkulima ni mbuzi mwenye wachungaji wawili, huyu akimwita bondeni, yule anampiga fimbo kwa kwenda. Malori ya walanguzi yalikuwa yanapita njia nyingine, kila mtu aliijua, na mkaguzi pia. Lakini lori halisimamishwi kwa mwanzi. Anayesimamishwa ni mwenye koti.

"Mzee, hilo jani mfukoni lina nini?"

"Kahawa."

Jani likafunguliwa juu ya meza, matunda yakamwagwa kwenye sahani ya bati. Mekundu, mazuri, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

"Za nini kwenye koti la kanisani?"

"Za kupokelea simu, bwana mkubwa."

Kundi zima likaangua kicheko. Hata Mansuetus, aliyeijua kweli, alicheka, kwa sababu kweli yenyewe ilikuwa inachekesha. Mkaguzi alivua miwani yake ya jua.

"Mzee, mimi si mtoto. Hii ni sampuli. Unampelekea mlanguzi aone ubora, mkubaliane bei, halafu magunia yanafuata. Mbinu hiyo naijua. Hiki ni kidhibiti cha kesi, na wewe utapanda gari twende ukaeleze."

"Bwana mdogo," Ottilia alisema, sauti imeanza kupanda, "huyu mtu hajawahi kuiba hata ndizi. Sisi tunasubiri simu ya..."

Na simu ikaita.

Iliita ndani ya koti, kwa ule mlio wa kinanda alioweka Vitalis. Kilian akaitoa. Haikuwa sura ya Gaudiosa. Ilikuwa sura ya Vitalis mwenyewe, na Vitalis hakuwahi kupiga. Ndiye aliyetakiwa kupiga siku moja tu.

"Nipe tunda moja," Kilian alimwambia mkaguzi.

"Kidhibiti hakiguswi."

"Nakuomba kidhibiti kimoja, mwanangu!"

"Hakiguswi, nimesema!"

Ottilia hakusubiri. Mbele ya Katarina, mbele ya wasichana wa kisimani, mbele ya watu wote waliotoka kupokea Mwili wa Bwana, aliikamata simu kwa mikono miwili, akainama, akaweka pua. Kilemba kilimwanguka. Pua ilikuwa na jasho, ikateleza. Ikagusa jekundu. Simu ikakatika.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akakosa mwenzake. Ottilia alikuwa ameinua uso, na machozi yalikuwa yanashuka mahali ambapo pua ilikuwa imebonyea.

"Nimemkatia," alisema. "Baba Gaudi, nimemkatia tena."

Simu ikaita mara ya pili. Mkaguzi alinyoosha mkono wake. "Lete, nikupokelee."

Kilian alirudi nyuma hatua moja. "Hapana. Wewe umesema mimi mwongo mbele ya parokia yangu. Nitapokea kwa kahawa yangu, uone."

"Kilian!" Ottilia alipiga kelele. Hajawahi kumwita kwa jina tangu Gaudiosa azaliwe. "Mpe mtu simu! Mpe!"

Mlio wa kinanda ulikuwa unakaribia mwisho wake. Mansuetus alikuwa anapenya katikati ya watu, kidole chake laini kimetangulia. Ndipo mkaguzi Augustino akaisukuma ile sahani ya bati kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza. Kilian akachukua tunda, akaliuma ngozi, akalipitisha kwenye kijani.

"Mama?" sauti ya Vitalis ikasema, na kila aliyekuwepo akaisikia. "Mama, mkweo nakuita. Tuko Mbamba Bay. Uchungu umeanza. Naomba uje."

*

Gari la kazi lilikuwa pale, tangi limejaa. Mkaguzi alilitazama, akatazama chini, akasema mafuta yake yana kibali cha kazi tu. Hakuna aliyemwomba. Pikipiki ya mpwa wake Mansuetus ilikuwa imekwisha kuwaka. Katarina, mke wa katekista, alifungua kitenge chake cha sikukuu kilichokuwa juu ya gauni, akakikunja, akamtia Ottilia mkononi.

"Cha kumpokelea mtoto," alisema. "Na yale ya kisimani, usiyaweke moyoni, dada."

Ottilia alipanda pikipiki kiupande, akakaa sawa, akamkumbuka mumewe.

"Simu nakuachia. Usiifinye. Kahawa ikikauka, tumia pua."

"Pua yangu kubwa, mama Gaudi."

"Ndiyo, haitakosa."

Mkaguzi alimwachia Kilian aende, na matunda akabaki nayo, kwa sababu kidhibiti ni kidhibiti. Kilian alipanda mlima peke yake, akiwa na tunda moja tu, lile aliloliuma. Nyumbani alikaa uani na bakuli la matunda mapya pembeni, simu magotini. Hakupika. Hakukuwa na wa kumwambia apike. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa mahali pake na hakuna kilichomgombeza, na aligundua kwamba ukimya ule hakuupenda hata kidogo.

Jua lilikuwa linagusa migomba simu ilipoita. Tunda la kwanza likamponyoka, la pili likakubali.

"Babu Kilian!" Ilikuwa sauti ya Ottilia. "Wa kike! Mzima! Analia kama wewe ukicheleweshewa ugali."

"Na Gaudi?"

"Mzima. Nimemshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Ameuminya mpaka nimeuona ukilainika." Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. "Nilikuwepo, baba Gaudi. Safari hii nilikuwepo. Haya, ongea na mwanao."

Gaudiosa alikuwa amechoka, sauti yake kama ya mtu aliyetoka kuogelea mbali. Lakini alikuwa amesikia habari za kahawa kwa mama yake, naye hakuweza kuziacha.

"Baba, ni kweli unapokea kwa kahawa?"

"Kweli. Inafanya kazi vizuri kuliko vijiti vyao."

"Sasa kile kijiti mlikifanya nini?"

"Kijiti gani?"

"Kile cha kwenye boksi, baba. Nilimwambia Vitalis achague simu yenye kijiti kwa sababu ya mikono yenu. Kama kalamu hivi, kichwa chake cha mpira. Vitalis hakuwaonyesha?"

Kilian aligeuka, akautazama mlango wa zizi.

"Baba?"

"Nipo," alisema. "Nakwenda zizini mara moja."

Mbuzi walimtazama akichomoa pini. Aliifuta kwenye koti la harusi, akaigusisha kwenye kioo, na kioo kikatii. Picha ilikuwa imekwisha kuingia: mjukuu amefungwa kwenye kitenge cha Katarina, macho yamefumba, ngumi imekaza. Aligusa mara mbili, ngumi ikawa kubwa. Vidole vidogo, vyekundu kama kahawa, bado havijashika jembe. Akaitazama mpaka mbuzi wakamaliza maharage ya jirani.

*

Ottilia aliporudi alimcheka wiki nzima, na alikuwa na haki. Kijiti kilifungwa kwa uzi wa katani, kikaning'inia shingoni mwa Kilian jirani na rozari. Vijana bado wanabishana kilabuni kama kina faida au ni pambo. Wenye vidole laini wanasema hakina. Wenye mikono wamekwisha kwenda kwa Halima.

Mwezi Agosti ukaitishwa mkutano wa wakulima. Wageni walitoka mjini, mkaguzi Augustino akiwa miongoni mwao, wakatangaza kwamba msimu ujao habari zote za bei na mbolea zitapatikana kwa simu ya kupangusa, kwa hiyo kila mkulima ajitahidi awe nayo. Watu wakapiga makofi kama walivyozoea. Kilian akanyoosha mkono wenye kijiti.

"Mimi nauliza jambo dogo," alisema. "Waliotengeneza hii simu, walipima kwa kidole cha nani?"

Kicheko kilianza, kikafa. Mkaguzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mgeni. Mgeni alitazama vidole vyake mwenyewe, akakohoa, akasema hilo ni swali zuri sana, na wao kama uongozi wamelichukua. Kisha mkutano ukafungwa kwa sala.

Njiani, wakipanda mlima, Ottilia alitangulia mpaka kwenye ngoro zao. Akasimama kupumzika, mkono mmoja kiunoni.

"Baba Gaudi, ulikuwa na swali moja tu, nao wamelichukua," alisema. "Wamelipeleka wapi?"